Chupa Mbili, Lungo Moja

Bado ninakwenda hospitali kuchomwa sindano yangu, na sasa ninakwenda peke yangu. Korido ni ileile, na benchi ni zilezile zilizosuguliwa na suruali za wazee hadi zikang'aa. Zamani tulikuwa tukikaa hapo wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa mashinisti, mwendesha treni, na aliacha kazi siku ambazo treni zenyewe zilikuwa zimekaribia kuacha kwenda. Alipofiwa na mkewe alihamia kwetu, katika chumba cha uani. Wote wawili tulipatikana na saratani ya tezi dume, na kwa wote wawili ilikuwa imekwisha kutoka kwenye tezi na kuingia mifupani.

Watu wa mtaa waliona ajabu kwamba ugonjwa mmoja uwapate wanaume wawili wa ua mmoja, wakaanza kumtafuta aliyetuloga. Kwanza alitajwa jirani wa kushoto, kisha, jirani huyo alipoleta mahindi mabichi, akatajwa wa kulia. Mimi sikuona ajabu. Ugonjwa huu huwapata wazee wengi, na wazee wawili kuishi ua mmoja ni jambo la kawaida katika mji huu wa Lubumbashi, ambako pensheni haitoshi kumweka mtu nyumbani kwake.

Daktari aliyetuita kutueleza habari ya jaribio la dawa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alitukalisha, akafunga mlango, akazungumza taratibu.

«Bapapa, kila mugonjwa atapata sindano, na bidonge byenye tunajua tayari binasaidia. Juu ya ile, tutamupatia chupa ingine ya kumeza kila siku. Kwa bamoja, ndani kuko dawa mupya. Kwa bengine, ndani hamuna dawa hata kidogo. Tunataka kujua kama dawa mbili pamoja binashinda moja. Nani anapata nini, mie sijue. Na nyinyi hamutajua.»

Shemeji yangu alinigeukia. «Shemeki, sasa banatupatia dawa ya bure, ao banatupatia bure bila dawa?»

«Wanatupima,» nilimjibu. Hata nyumbani mimi husema Kiswahili cha shule, na watoto wangu wamenicheka kwa hilo tangu wakiwa wadogo.

«Unaona, docteur? Huyu ata bukari anaipimaka mbele ya kukula.»

Daktari alicheka kusikia kwamba napima hata ugali kabla ya kuula. Mimi nilichukua maelezo yaliyoandikwa, nikayasoma yote, pamoja na kurasa ambazo watu hawazisomi, na nilipomaliza nilikubali. Shemeji alikubali kwa sababu mimi nilikuwa nimekubali. Alisema hivyo mbele ya daktari, naye daktari hakupenda, akamrudishia maelezo na kumtaka ayasome mwenyewe. Aliyashika kwa muda uliotosha kwa adabu.

Sikuhitaji kushawishiwa. Kazi yangu ya maisha ilikuwa katika maabara ya kupimia mawe ya shaba. Sampuli zilitufikia ndani ya vifuko vyenye namba tu. Hatukuambiwa kama zimetoka mgodi wa Kambove au kwingineko, maana anayejua jiwe limetoka wapi huanza kuona shaba kabla ya kupima. Tena wakubwa walikuwa wakitia kimyakimya, katikati ya vifuko hivyo, kifuko cha mchanga usio na kitu, ili wajue kama tungesoma shaba mahali pasipo na shaba. Wenzangu wengine walichukizwa na mtego huo. Mimi niliuheshimu. Mtu mwaminifu naye hudanganywa na matumaini yake, na dawa ya jambo hilo ni kumfunga macho asione. Kwa hiyo daktari aliposema kwamba wengine watameza vidonge vitupu, nilielewa kwamba nimeingia ndani ya kifuko chenye namba, na nikatulia.

Mtaa haukutulia. Baada ya misa mama mmoja wa kwaya alimwambia mke wangu kwamba tumegeuzwa panya. Mwingine alisema damu yetu inavushwa Zambia na kuuzwa. Mke wangu alipoyaleta mezani nilimuuliza ni nani aliyeiona damu hiyo ikivuka, na mpaka upi, na kwa gari la nani. Aliyaleta maneno hayo kama mtu anavyoleta mboga kutoka sokoni, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa siku hiyo.

Sitaueleza ugonjwa kwa urefu. Sindano huzima nguvu za kiume mwilini ili uvimbe ukose chakula, na mwili uliozimwa huwa mzito kuubeba. Nilikuwa nikiamka nimechoka na kulala nimechoka, na kati ya hayo mawili nilikaa kwenye kiti. Joto lilikuwa likitupanda ghafla usoni, kama la wanawake waliokoma hedhi, hadi jasho linatiririka, wakati wa baridi ya mwezi wa sita ambapo watu wote wa Lubumbashi wamejifunika makoti.

«Yaya,» shemeji alimwambia dada yake siku moja, akijipepea kwa kofia, «uandike majina yetu kwa mukutano ya bamama ya parokia. Shemeki na mie, tumefika.»

Mke wangu alicheka hadi akaketi chini. Huo ulikuwa wakati mzuri, ingawa hatukujua.

Kisha tukaachana njia. Kipimo changu cha damu, kile kinachoonyesha nguvu ya saratani, kilishuka na kuendelea kushuka. Chake kilisimama, halafu kikaanza kupanda. Mgongo ukaanza kumuuma, akachukua fimbo, na suruali zake zikahitaji kamba. Asubuhi tulikuwa tukikaa meza moja, mimi nikinenepa tena na yeye akikauka, na kati yetu alikaa mwanamke ambaye ni mke wa mmoja na dada wa mwingine, akimimina chai.

Ni lazima niseme jinsi mke wangu alivyolelewa, la sivyo hataeleweka. Yeye ni mtoto wa kambi ya reli ya kaskazini, kama mimi. Katika kambi zile posho aliyopewa baba mmoja haikuwa yake: unga, chumvi na samaki viligawanywa kwa nyumba zote za ukoo kabla sufuria haijawekwa motoni. Dawa nazo zilifuata njia hiyo. Mtoto mmoja akiandikiwa vidonge vya malaria, vilimezwa na watoto wote waliokuwa na homa, kila mmoja kipande chake, na mama aliyethubutu kummezesha wake peke yake vidonge vyote angekumbukwa kwa ubaya hadi kaburini. Desturi hiyo imezika watoto, na hilo nimelijua tangu ujana. Lakini sikuwahi kuiona ikifanywa nyumbani kwangu, nikadhani imebaki kambini.

Jumamosi moja nilikwenda misa ya asubuhi nikakuta kanisa limefungwa, padri ameitwa Lukafu kwa mazishi. Nikarudi mapema. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, lungo lake la kupepetea mchele likiwa magotini, na ndani ya lungo palikuwa na rundo la vidonge vyeupe. Chupa mbili zilisimama sakafuni bila vifuniko, yangu na ya shemeji, kila moja na namba yake. Alikuwa akivisukuma vidonge kwa kidole, kimoja huku na kimoja kule, kama mtu anayechagua mawe katika maharagwe.

«Mama, unafanya nini?»

Hakushtuka. «Ninagawa.»

«Unagawa nini?»

«Dawa yenu. Unaona, haiko maharagwe.»

«Tangu lini?»

«Tangu ndugu yangu alianza kutembea na fimbo.»

Nilikaa kwenye gunia la makaa. Nilijaribu kukumbuka kama tangu wakati ule kuna lolote lililobadilika, kwangu au kwake. Maumivu yake yalikuwa yamepungua kwa majuma machache, kisha yakarudi. Kipimo changu kilikuwa kimetulia. Sikupata hata jambo moja ambalo ningethubutu kulitia sahihi yangu.

Nikamweleza mke wangu kwa utaratibu alichokifanya. Daktari anasoma damu yetu akiamini kwamba mmoja anameza dawa mpya na mwingine hamezi, au wote wawili tunameza, au hakuna anayemeza. Sasa huenda hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli: huenda kila mmoja anameza nusu. Nikamwambia kwamba maabarani sampuli mbili zikimwagika pamoja, zote mbili hutupwa.

«Mie sikuchanganya mawe, Papa,» alisema. «Nilichanganya bwana yangu na ndugu yangu.»

Shemeji aliingia kutoka uani akisaidiwa na fimbo yake. «Kuko nini tena? Munapigana juu ya mboga?»

Dada yake akamwambia. Aliangalia lungo, akaangalia chupa, akaanza kucheka, na kicheko kikamwumiza mgongo hata akashika ukuta. «Yaya! Kumbe weye njo docteur mukubwa, na hatukujua!» Kisha akafikiri. «Ngoja kwanza. Kama chupa yangu njo ilikuwa ya bure, basi hizi siku zote nilikuwa nakula ya shemeki. Aksanti, shemeki. Sikujua uko na roho muzuri vile.»

«Na kama yenye dawa ilikuwa yako?» niliuliza.

Niliuliza kwa sababu swali lilikuwa la haki. Lakini nilimwona mke wangu akikiondoa kidole chake katika vidonge, kana kwamba vimemuunguza. Hakuwa amelifikiria. Alikuwa na hakika, kwa kututazama tu mezani, kwamba aliyenenepa ndiye mwenye dawa. Sasa aliona upande wa pili: kwamba huenda alimpokonya mdogo wake nusu ya uhai na kunipa mimi.

Alivirudisha vidonge katika chupa, akafunga vifuniko. Mimi nikasema kwamba siku ya miadi nitamweleza daktari.

«Batatufukuza bote wawili,» alisema mke wangu.

«Inawezekana.»

«Sindano inatoka kwao. Vipimo vinatoka kwao. Ukifukuzwa, tutanunua na nini?»

Hilo nilikuwa nimeliwaza kabla yake. Hatungeweza kununua. Lakini nilijua pia namba zetu zilikuwa zikienda wapi. Mahali fulani mtu kama mimi, ambaye sitamwona, angekuja kupewa dawa isiyofaa au kunyimwa inayofaa kwa sababu ya lungo la jikoni mwangu.

«Ule muntu wa mbali, ni ndugu yako?» aliuliza mke wangu.

«Hapana.»

«Huyu hapa njo ndugu.»

Na huyo hapa aliegemea ukuta akasema kwa upole, bila mzaha wowote: «Shemeki, usiseme. Ata kama iko nusu. Nusu yenye niko nakula, uniachie.»

Zilibaki siku chache kabla ya miadi. Mke wangu, ambaye alikuwa akitupakulia kila mtu sahani yake, alianza kuweka mbele yetu bukari moja katika sahani moja, na samaki mmoja wa Kasenga juu ya mboga, kisha akatoka nje. Tulilazimika kumega pamoja. Shemeji alikuwa akivisukuma vipande vizuri upande wangu.

«Kula, shemeki. Kula ushibe, mbele ya kutuuza.»

Tulikwenda hospitali watatu. Nilimweleza daktari yote, kwa mpango, tangu chanzo. Aliweka kalamu chini. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona uchovu, na uchovu ninautambua kwa mbali.

«Mama, nani alikuambia ufanye vile?»

«Hakuna muntu,» alisema mke wangu. «Niko na mikono.»

Daktari alitoka kupiga simu, sisi tukarudi kwenye benchi ya korido. Muda ulikwenda. Mgonjwa mmoja aliitwa, mwingine akaitwa. Shemeji alikuwa amekaa mbali kidogo nami, fimbo kati ya magoti.

«Niliendesha treni mpaka nikazeeka,» alisema, kama anayezungumza na ukuta wa mbele. «Niliona mbuzi mu reli. Niliona balevi mu reli. Muntu wa kusimama mu reli juu ya kusema ukweli, sijaonaka. Leo nimeona.»

Mke wangu aliinuka kando yangu, akaenda kukaa upande wa ndugu yake.

Daktari aliporudi alituita ndani, akatueleza uamuzi. Hatungefukuzwa. Sindano ingeendelea, na vidonge vya siku zote, na vipimo. Namba zetu zingebaki katika hesabu pamoja na maelezo ya yaliyotokea. Ila chupa za nyongeza, zote mbili, zingerudishwa, na hatungepewa nyingine. Nilihisi mke wangu akishusha pumzi. Nilidhani tumepona.

Shemeji aliinua mkono kama mwanafunzi. «Docteur, sasa kwa kuwa imekwisha, utuambie. Dawa ilikuwa kwa nani?»

«Sijue, Papa. Bale benye banajua beko mbali, na hawatafungua mpaka mwisho.»

«Mwisho ya nani?»

Daktari alitazama meza yake.

Baada ya hapo afya ya shemeji ilishuka haraka. Sisemi kwamba alishuka kwa sababu ya kukosa vile vidonge. Kipimo chake kilikuwa kimekwisha kupanda kabla. Nasema tu kwamba alishuka, na kwamba katika ua wetu kila mtu alikuwa na maelezo yake. Fimbo ikawa haitoshi, akawa wa kitandani. Hakuzungumza nami. Akitaka kitu kutoka kwangu alimtuma dada yake, hata nikiwa mlangoni. «Yaya, ambia bwana yako afunge ile redio.» Niliifunga.

Lakini sikuumia kwa shemeji kama nilivyoumia kwa mke wangu. Alikuwa akimwosha na kumlisha, na hakuweza kumtazama machoni. Alikonda. Alikuwa akiniuliza swali moja, jikoni, njiani, tukiwa tunasubiri umeme urudi: «Papa, unafikiria ilikuwa ya nani?» Nami nilimjibu kila mara jibu moja, kwamba hatujui. Lilikuwa jibu sahihi. Nilimpa kwa sauti ya chini na nilimpa kwa sauti ya ukali, na mara zote alilichukua akaondoka nalo kama mtu aliyepewa jiwe.

Ilikuwa kiangazi, alasiri, siku za vumbi jekundu linaloingia hata chini ya mlango uliofungwa. Niliingia chumba cha uani kupeleka maji. Mke wangu alikuwa pembeni mwa kitanda na bakuli la mchuzi wa samaki. Shemeji alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu ile korido.

«Shemeki.»

«Naam.»

«Weye unajuaka kupima. Maisha yako yote ulipimaka. Uniambie sasa. Ile dawa ya kweli, ilikuwa ndani ya chupa ya nani?»

Kijiko kilisimama kati ya bakuli na mdomo. Mke wangu hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na mabega yaliyopanda na kukaa juu.

«Ilikuwa yangu,» nilisema.

«Unajua?»

«Najua.»

Akataka sababu, na nilimpa. Nilitaja damu yangu iliyoshuka mapema. Nilitaja unene ulionirudia, na ngozi ya mikono iliyokuwa ikichubuka, na miguu iliyovimba kisha ikanywea. Niliyapanga kwa mfuatano, kwa sauti niliyotumia zamani nikisoma matokeo mbele ya wahandisi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililothibitisha kitu. Mtu mwingine angeniletea karatasi yenye sababu za namna hiyo, ningeifuta kwa kalamu nyekundu na kumrudishia mbele ya wenzake. Nilipomaliza niliongeza kwamba hakuna shaka yoyote, na hata neno hilo lilitoka vizuri.

Alifumba macho.

«Basi yaya njo aliniongezea siku,» alisema. «Na weye njo ulizikata.»

«Ndiyo.»

«Uko muntu mubaya, shemeki.»

«Ndiyo.»

Alionekana kuridhika. Alisogeza kichwa upande wa dada yake na kufumbua macho. Dada naye, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alimtazama machoni. Sijui kama mke wangu aliniamini. Ananijua kuliko mtu yeyote, na anajua ni maneno gani hutoka kinywani mwangu na ni yapi hayatoki. Hakuniuliza siku ile, wala baada ya mazishi, wala hadi leo, na mimi sikumfungulia njia ya kuuliza.

«Fungua mdomo, ndugu yangu,» alimwambia. «Mchuzi unapoa.»

Shemeji alifungua mdomo, akala.